Vitambaa Vilivyopitia Mlango wa Masista

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye semina ya akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) pamoja na mafundi wa batiki na cherehani, Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi kufika, na wengine wameniomba maandishi, kwa hiyo naiweka yote kama ilivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Tumsifu Yesu Kristu!

Waliokaa nyuma sijawasikia. Najua wali wa mchana ni mzito. Tumsifu Yesu Kristu! Haya, sasa tuko pamoja.

Mama Mwenyekiti, Baba Paroko, masista wapendwa, akina mama wenzangu, mafundi wetu wa batiki na cherehani, vijana, na nyie akina baba wachache mliojitosa: nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Barua ya mwaliko ilisema nije nizungumzie "vitenge vya asili vya Afrika Magharibi". Naomba nianze kwa kuwaudhi kidogo. Sare mlizovaa leo ni nzuri, zimewakaa. Lakini ukiuliza kitenge hiki cha nta kilianzia wapi, jibu litakupeleka Helmond, Uholanzi, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846. Waholanzi walikuwa wanaiga batiki ya Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, kwa mashine. Mwishoni mwa karne ya 19 vitambaa hivyo vikapata wateja wakubwa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, na akina mama wachuuzi wa kule wakavipa majina na maana hadi vikawa vyao. Hongera zao. Hata mimi nimekivaa, sijaja hapa kukivua.

Ila leo nataka tuongee habari za vitambaa na kazi nyingine za mikono: zile zilizofumwa, zilizosukwa, zilizochovywa na kuchongwa na Wayoruba, Waigbo, Waasante, Wamossi na wenzao, kisha zikapanda meli kwenda Ulaya ndani ya masanduku ya watawa wa kike. Masista. Nina swali moja tu na nitalizungukia mpaka mnichoke: aliyetengeneza ni nani?

Twende polepole.

Mnajua kwamba makumbusho ya Ulaya yamejaa vitu vya Afrika Magharibi. Vingine vilikwenda kwa bunduki. Mwaka 1892 jeshi la Kifaransa chini ya Jenerali Dodds liliingia Abomey, mji wa wafalme wa Dahomey, likachukua viti vya enzi, milango ya ikulu na sanamu. Vitu 26 kati ya hivyo vilirudishwa mwaka 2021 nchi ya Benin, ambayo ndiyo Dahomey ya zamani. Mwaka 1897 Waingereza waliuteka mji wa Benin ulioko Nigeria na kusomba maelfu ya kazi za shaba na pembe. Hayo yameandikwa sana na yanajulikana.

Wamisionari walikuwa na njia yao. Mwaka 1861 Padre Augustin Planque, aliyeliongoza Shirika la Misioni za Afrika la Lyon, Ufaransa, aliwaomba mapadre wake waliokwenda Dahomey wampelekee vitu vya kule. Kutokana na ombi hilo likazaliwa jumba la makumbusho la Kiafrika mjini Lyon. Padre huyohuyo, miaka 15 baadaye, yaani mwaka 1876, akaanzisha shirika la masista, Masista wa Bikira Maria Malkia wa Mitume. Mwaka 1883 masista hao wakafika Elmina, kwenye Pwani ya Dhahabu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Padre akifika kijijini alipokewa na nani? Na chifu. Alikaribishwa barazani. Alichoonyeshwa ni mambo ya barazani: fimbo ya mamlaka, kigoda, kinyago, ngao. Akikusanya, atakusanya hivyo. Sista je? Sista aliingia uani. Aliingia jikoni, kwenye chumba cha mzazi, kwenye ua wa wapaka rangi, sokoni kwa wauza vyungu. Kwa hiyo ukifungua sanduku la sista huwa unakuta mengine: vibuyu vilivyonakshiwa, mikeka, vikapu vya ukindu, shanga, kijiti cha kusokotea pamba na udongo wake bado umekwama, na vitambaa. Vitambaa, vitambaa, vitambaa. Vitu ambavyo jenerali asingeinama kuviokota.

Na hii kwangu ndiyo thamani ya makusanyo ya masista. Yamehifadhi kazi za wanawake ambazo wakusanyaji wa kiume walizipita kama hawakuziona. Wasomi wa sanaa walichelewa sana kulielewa hili. Walikuwa wanahesabu vinyago.

Lakini vitambaa viliwafikiaje masista? Waliiba? Walinunua? Walipewa? Niwape habari ya Mary Martin.

Huyu alikuwa binti wa Dublin, Ireland. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliuguza askari Malta na Ufaransa. Mwaka 1921 akaenda Nigeria, Calabar, kumsaidia Askofu Joseph Shanahan. Akaona akina mama wanakufa katika uzazi, akaona pia kwamba pale panahitajika watawa wenye ujuzi wa tiba na ukunga. Kikwazo kilikuwa nini? Kanisa lenyewe. Sheria za wakati ule hazikuwaruhusu watawa wa kike kufanya kazi ya ukunga. Mnasikia, akina mama? Sista aliweza kufundisha hesabu, kufuga kuku, kudarizi kitambaa cha altare, lakini kumzalisha mama mwenzake hapana.

Mary Martin alisubiri. Aliugua, akarudi kwao, akasubiri tena. Mwezi Februari mwaka 1936 Roma ikatoa maagizo mapya yakiwaruhusu watawa wa kike kusomea na kufanya kazi hizo. Na tarehe 4 Aprili 1937, akiwa amelazwa hospitalini Port Harcourt, mgonjwa hasa, akaweka nadhiri zake kitandani. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Wamisionari wa Kitabibu wa Maria. Mwaka huohuo masista wake wakaanza kazi kwenye hospitali ya Anua, kusini-mashariki mwa Nigeria.

Kwa nini nawasimulia habari za wodi ya wazazi kwenye hotuba ya vitambaa? Kwa sababu mnajua wenyewe. Mama akijifungua salama, mtoto akalia, hivi anarudi kwa mkunga mikono mitupu? Kwetu harudi hivyo, na kule pia hakurudi hivyo. Anakuja na kuku, anakuja na mayai, viazi vikuu, na siku nyingine anakuja na kitambaa alichofuma mwenyewe au mama yake. Anakikunjua, anamvisha sista begani. Hapo hakuna bei.

Lakini sista ana nadhiri ya ufukara. Masista mliopo hapa mtanisahihisha nikikosea. Zawadi akipewa sista, si mali yake. Ni ya jumuiya. Kwa hiyo kitambaa kile kinavuliwa begani kinaingia kabati la nyumba. Mama Mkubwa wa shirika akitembelea kutoka Ulaya, anapewa. Anakwenda nacho. Kinaonyeshwa kwenye bazaa ya kuchangia misheni, kinatundikwa ukutani, kinarudi kabatini. Na kila kinapopita mkono mmoja kwenda mwingine, jina la yule mama linadondoka. Mwisho kibandiko kinasema "Nguo, Nigeria". Nguo, Nigeria! Mkunga alimjua kwa jina, alimjua mume wake, alijua mtoto amezaliwa na kilo ngapi. Na yote hayo yamebaki maneno mawili.

Sisemi hivi kuwalaumu masista. Nadhiri ya ufukara ni jambo takatifu. Nasema tu kwamba utakatifu wenyewe ulikuwa sehemu ya sababu ya jina kupotea, na hilo watu hawalisemi.

Halafu mjue kwamba kulikuwa na msukumo kutoka juu. Papa Pius XI aliandaa Maonyesho ya Kimisionari pale Vatikano mwaka wa Jubilei 1925. Vitu kama 100,000 vilipelekwa kutoka misheni za dunia nzima. Maonyesho yalipofungwa, karibu 40,000 vikabaki, vikawa msingi wa makumbusho ya kimisionari yaliyofunguliwa katika jumba la Laterano mwaka 1927, na ambayo leo yako ndani ya Makumbusho ya Vatikano. Fikirieni barua zinafika kwenye kila misheni: leteni vitu. Leteni. Nani ana muda wa kuuliza jina?

Sasa tufike kwenye kitambaa chenyewe. Kijana, nisaidie kukikunjua. Shika huku.

Hiki hapa ni adire. Nimeazimwa na sista mmoja mzee, Mnigeria, anayefanya kazi ya utume hapa nchini. Kinatoka kwa Wayoruba, kusini-magharibi mwa Nigeria. Miji mikubwa ya kazi hii ni Abeokuta, Ibadan na Osogbo. Kitapita kwenu, mkishike, msiogope. Nataka mafundi wa batiki wafanye jambo moja: kigeuzeni nyuma.

Mmeona? Mbele kuna michoro mieupe juu ya buluu iliyokolea. Nyuma ni buluu tupu, michoro haipo. Batiki yenu je? Ukichovya brashi kwenye nta ya moto, nta inapenya mpaka upande wa pili, pande zote mbili zinatoka na picha. Hapa hakuna nta. Hapa kilichotumika ni uji wa muhogo. Ndiyo, muhogo! Unga wa muhogo unapikwa na shabu na mrututu kidogo mpaka uwe mzito, kisha mama anachukua unyoya wa kuku, anauchovya kwenye uji, anachora. Kwa mkono mtupu, bila kibao, bila rula. Kwanza anakunja nguo ili apate mistari ya miraba, kisha anajaza mraba mmoja mmoja. Uji unakaa juu ya nguo, haupenyi, ndiyo maana nyuma haiambulii kitu.

Uji ukikauka nguo inaingia kwenye chungu cha nili. Nili yenyewe ni kazi nyingine. Wayoruba wana mmea wanaouita elu. Majani machanga yanatwangwa, yanafinyangwa madonge, yanaanikwa juani. Majivu yanachujwa kwa chungu kilichotobolewa chini mpaka yapatikane maji makali. Madonge na maji hayo vinaachwa pamoja kwa siku kadhaa vichachuke. Fundi wa rangi aliye mjuzi anajua imeiva kwa harufu, na wengine kwa kuonja. Kisha anachovya. Nguo ikitoka chunguni ina rangi ya kijanikijani, unaweza kudhani kazi imeharibika. Ikipigwa na hewa, inageuka buluu mbele ya macho yako. Anachovya tena. Anaanika, anachovya tena. Mwisho anaukwangua uji wa muhogo, na pale ulipokaa panabaki peupe.

Tazameni sasa kile kipande cha katikati, pale mshono ulipopita. Adire ya namna hii ni vipande viwili vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu, vikafanya mraba. Na kwenye mraba huu hapa, mnaona nguzo? Nguzo, halafu kijiko, halafu nguzo, halafu kijiko. Michoro hii inaitwa Ibadandun, yaani Ibadan ni pazuri. Nguzo ni za Ukumbi wa Mapo, jengo kubwa la utawala lililojengwa juu ya kilima cha Ibadan na kukamilika mwaka 1929. Vijiko kati ya nguzo aliviweka nani? Mama mwenye unyoya. Serikali ya kikoloni ilijenga jengo la kutisha watu, yeye akaweka vijiko katikati ya nguzo. Mimi huyo mama nampenda.

Kuna nyingine inaitwa Oloba, ya mwaka 1935, wakati Mfalme George V wa Uingereza alipoadhimisha miaka 25 ya utawala. Mfalme na malkia wamechorwa katikati, wamezungukwa na ndege na maua. Walichukua picha za sherehe wakazitafsiri kwa muhogo na nili.

Na mjue kwamba wapaka rangi wa Kiyoruba walikuwa na mlinzi wao katika dini ya jadi, Iya Mapo, anayesimamia kazi za mikono za wanawake: nili, vyungu na nyinginezo. Kwa hiyo nguo iliyotokana na ua wa wanawake waliomheshimu Iya Mapo ikanunuliwa na sista mwenye rozari kiunoni, ikaenda kutandikwa kwenye ukumbi wa konventi, nyumba ya masista, huko Ulaya. Nyie cheka tu. Mimi naona hapo wanawake wawili walielewana sokoni kwa bei na kwa uzuri wa kazi, mambo mengine wakayaacha.

Nitagusa vitambaa vingine kwa haraka, maana muda unatukimbia. Afrika Magharibi kitanda cha kufumia chembamba kwa kawaida ni cha wanaume: kente ya Waasante kutoka Bonwire hufumwa mikanda yenye upana wa kiganja, kama sentimita 10, kisha ikaunganishwa ishirini na kitu kupata nguo ya mwanamume mzima. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufumaji wa kente kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Wanawake wafumaji nao wana kitanda kipana cha kusimama, kinachoegemezwa ukutani. Mji wa Akwete, kusini-mashariki mwa Nigeria, umejulikana kwa kitanda hicho. Mama wa Akwete anatoa nguo nzima upana wa zaidi ya mita bila kuunga. Katika michoro yao kuna ikaki, kobe, ambaye kwa wateja wao Waijo hakuvaliwa na kila mtu. Alikuwa wa koo za kifalme. Fundi alijua anamfumia nani. Soko lilikuwa na heshima zake.

Sasa nije kwenye jambo gumu kidogo, na masista naomba mnivumilie.

Masista hawakukusanya tu. Walifundisha. Na walichofundisha, mara nyingi, hakikuwa kile walichokikusanya. Shule za konventi kuanzia Freetown, ambako Masista wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny walifungua shule mwaka 1866, hadi Elmina, Lagos na Calabar, zilifundisha wasichana kushona, kudarizi, kufuma vitambaa vya meza. Akina mama wa umri wangu hapa mnajua: vile vitambaa vya makochi tulivyofuma kwa kulabu, vyeupe, vyenye maua. Tuliambiwa huo ndio ustaarabu wa nyumba. Basi hebu fikiria: binti yuko darasani anajifunza mshono wa Ireland, na sista huyohuyo Jumamosi yuko sokoni ananunua adire ya mama yake yule binti, kwa sababu ni nzuri, apeleke kwao. Kama ni nzuri ya kupeleka Ulaya, mbona haikuwa nzuri ya kufundishwa darasani?

Jibu si rahisi, na sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Mshono wa Ireland uliwapa wasichana kazi. Cherehani ililipa ada. Wengi wetu humu tumesomeshwa na cherehani.

Lakini ngoja niwape habari ya Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso ya leo. Masista Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie lililoanzishwa Algeria mwaka 1869, haohao wanaojulikana sana huku kwetu kanda ya ziwa, walifika Ouagadougou mwaka 1912. Kwa Wamossi, wanawake walisokota nyuzi za pamba na wanaume ndio waliofuma. Masista wakafungua karakana ya mazulia. Mazulia ya sufu, ya mafundo, ufundi ambao shirika lao lilikuwa nao kutoka Algeria. Wakawaweka wasichana kwenye vitanda vya kufumia. Mazulia yakauzwa Ulaya kama kazi ya Afrika. Ni kazi ya Afrika? Mikono ni ya Mmossi. Sufu si ya Wamossi, mafundo si ya Wamossi, na mwanamke kukaa kwenye kitanda cha kufumia si desturi ya Wamossi wa wakati ule. Sasa ukilikuta zulia hilo leo kwenye konventi moja Ufaransa, utaliandika nini?

Na katika nyumba hizohizo za masista kulikuwa na wasichana waliokimbia kuozwa kwa nguvu. Mmoja wa Masista Weupe, Sista Marie-André wa Moyo Mtakatifu, alikuwa amesomea sheria. Alizunguka Afrika Magharibi, akasikiliza kesi zao, akaziandika, akawasumbua wakubwa Paris. Amri ya Mandel, waziri wa makoloni, ya Juni 1939 katika makoloni ya Ufaransa ilitaka ridhaa ya wanaooana na ikaweka umri wa chini: miaka 14 kwa msichana, 16 kwa mvulana. Utasema miaka 14 ni midogo. Ni midogo, ndiyo. Lakini kabla yake hapakuwa na kitu. Kwa hiyo zulia lile ni biashara ya misheni, na ni kazi ya mtoto, na huenda mwenye mikono ile alikuwa amekimbia mume mzee. Yote matatu yamo. Ukitoa moja umedanganya.

Baadaye sana, kati ya 1983 na 1987, Rais Thomas Sankara akawataka watumishi wa serikali ya Burkina Faso wavae Faso Dan Fani, nguo ya pamba ya nyumbani. Leo ukienda Ouagadougou utawakuta wanawake wengi uani, wanafuma kwenye vitanda vipana.

Narudi kwenye swali langu. Mmelichoka? Bado.

Mwaka 1947 Padre Kevin Carroll wa shirika lile la Lyon alianza karakana huko Oye-Ekiti, Nigeria, kwa maelekezo ya wakubwa wake, ikaendelea hadi 1954. Aliwaita wachongaji wa Kiyoruba wachonge milango ya makanisa na sanamu za Noeli kwa mtindo wao wenyewe. Mamajusi wanatokea kama wafalme wa Kiyoruba, na Bikira Maria amepiga magoti kama mama wa Ekiti. Wafumaji wakatengeneza kasula, lile vazi la padre la Misa. Sasa, wachongaji wale tunawajua kwa majina. George Bandele, mwana wa mchongaji Areogun. Lamidi Fakeye, Mwislamu, mwanafunzi wa Bandele, ambaye baadaye alikuwa maarufu duniani. Kwa nini tunawajua? Kwa sababu padre aliandika. Alikuwa na kalamu na akaona majina yanastahili wino.

Hata vile vinyago vidogo vya miiba, ambavyo masista wengi walirudi navyo kwa sababu vinaingia kwenye mkoba, mwanzilishi wake tunamjua: Justus Akeredolu wa Owo, miaka ya 1930. Mwanamke anatwanga, mwanamume anapanda mchikichi, vyote urefu wa kidole. Jina lipo.

Mchongaji ana jina. Mchonga miiba ana jina. Aliyechora nguzo na vijiko kwa unyoya wa kuku je? Hana. Aliyefuma kobe wa kifalme Akwete? Hana. Ni kazi za wanawake zilizokusanywa na wanawake, na bado ndizo zisizo na majina. Hili linaniuma kuliko la jenerali Dodds. Jenerali hatukumtarajia. Sista tulimtarajia.

Mtaniuliza: basi virudi? Najua mtaniuliza, Mama Mwenyekiti tayari ameinua kidole. Novemba 2025 Papa Leo XIV aliwakabidhi maaskofu wa Kanada vitu 62 vya wenyeji wa asili wa nchi ile, vitu vilivyohusishwa na yale maonyesho ya 1925. Kwa hiyo mlango umefunguliwa. Lakini mimi sipendi jibu moja kwa kila kitu. Kuna ukara, kitambaa cha nili chenye alama za nsibidi, maandishi ya jadi ya kusini-mashariki mwa Nigeria, ambacho ni cha wanachama wa chama cha siri cha Ekpe peke yao. Kikikutwa kwenye droo ya konventi, wenye Ekpe waitwe, wao ndio waseme. Adire iliyonunuliwa sokoni Abeokuta kwa bei halali ni jambo jingine. Hiyo haijaibiwa. Ila picha zake nzuri, mbele na nyuma, zifike Abeokuta, kwa sababu michoro mingine ya zamani vijana wa kule hawajawahi kuiona. Na ile ya zawadi, ya mama wa Anua, iulizwe kwanza ilitoka kwa nani kabla haijaulizwa iende wapi.

Hapa kwetu tunao mfano wa kitu kubaki kwao: Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, aliacha vitu vya Wasukuma hukohuko Usukumani, kwenye makumbusho yao. Aliyekwenda amekwenda, ambaye bado aende.

Na kuna haraka. Mashirika ya Ulaya yanafunga nyumba. Masista waliofanya kazi Nigeria na Ghana miaka ya hamsini na sitini ni wazee sana, wako kwenye nyumba za kutunzia wagonjwa Ireland, Ufaransa, Uholanzi. Akifa mmoja, kabati linafunguliwa, vitu vinagawanywa: hiki makumbusho, hiki mnada, hiki jalalani. Aliyekuwa anakumbuka kwamba hiki alinipa mama fulani siku mapacha wake walipozaliwa, hayupo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na ni la wiki hii. Wengi wenu mna shangazi, dada, mama mdogo aliye mtawa. Wengine mnawajua masista wamisionari wazee waliobaki huku kwetu. Nendeni na simu, washeni kinasa sauti, mtoe kitambaa kabatini, muulize. Umekipata wapi, soko gani? Nani alikutengenezea au kukupa, na huyo mtu alikuwa mtoto wa nani? Ulilipa kiasi gani? Kilivaliwaje kabla hakijafika kwako? Akisahau, mpeni kikombe cha chai mngoje. Muandike kwenye karatasi, na karatasi ishonwe pembeni mwa kitambaa kwa uzi wa pamba. Msitumie gundi, wala stepla, inatia kutu.

Masista mliokaa safu ya mbele, naona mnanitazama kwa wasiwasi. Ni kweli, naanza na nyie. Baada ya sala ya kufunga nitakuwa pale mlangoni na daftari. Sista, ule mkeka wa ukumbini kwenu, nimeuona mara nyingi. Nani aliusuka?